Sentimita Nne

Baba alikuwa fundi wa lesi mjini Calais.
Alisema lesi ni matundu tu,
uzi upo ili tundu lisikimbie.
Basi walipokuja watu wa benki na vijitabu vyenye picha,
wakasema serikali zote mbili hazitatoa hata senti,
shimo la chini ya bahari litachimbwa kwa fedha za watu,
yeye hakucheka kama wenzake kiwandani.
"Miaka thelathini na mmoja nauza matundu," alisema.
"Leo nishindwe kununua moja?"

Akanunua hisa mia tatu.
Zilikuwa fedha za paa.
Mama alizijua kwa harufu,
maana zilikaa ndani ya kopo la chikori.
Siku zilipoondoka alilinusa kopo, akalifunika,
akasogeza ndoo chini ya dari.

Aliyeshuka shimoni ni jirani yetu, Régis Wattelier.
Alirudi alfajiri mweupe kwa vumbi la chaki,
nyusi, masikio,
hata mkate aliosahau kuula.
Baba alimvizia langoni:
"Leo tumekwenda mita ngapi?"
Tumekwenda!
Régis akijibu ishirini, baba alikula akaomba tena.
Akijibu maji yameingia, mashine imesimama,
baba aliisukuma sahani.

Kisha bei ikapanda kama maziwa jikoni.
Mtaa mzima ulihesabu magari ambayo haujanunua.
Mama akasema, uza, Achille. Uza sasa.
"Mtu hauzi tundu kabla halijatoboka."

Likatoboka.
Mtu wa huku akampa mkono mtu wa kule
katika uwazi usiozidi dirisha la choo.
Régis hakuona. Alikuwa wa zamu ya usiku,
alikuwa amelala na viatu.

Maziwa yakamwagika.
Gharama zilikuwa zimezaa gharama,
na riba haina zamu,
haiumwi mgongo, haiombi maji,
inachimba hata Jumapili,
nayo ilikuwa inachimba kuelekea kwetu.

Barua zikaja, kila moja na adabu zaidi ya iliyotangulia.
Wenye kutudai watageuzwa wenye mali,
wataketi mezani pamoja nasi,
na keki ni ileile.
Usiku ule baba alichukua bahasha, akaandika nyuma yake:
urefu wote wa njia, gawanya kwa hisa zote, zidisha kwa mia tatu.
Kabla ya barua: sentimita nne.
Akatandika rula yake ya lesi mezani, akatuonyesha.
Vidole viwili vya reli, vya ukuta, vya giza,
na bahari yote iliyo juu ya vidole viwili.
Baada ya barua:
akatazama ukucha wake, akazima taa.

Wenye hisa walipewa safari ya karibu na bure.
Alivaa koti la harusi ya dada yangu,
akaenda, akanywa chai mbaya upande wa pili,
akarudi kabla ya chakula cha jioni.
"Umeona nini?" mama akamuuliza.
"Giza."
Akavua koti taratibu.
"Lakini kavu, Paulette. Kavu kabisa. Hata tone."
Mama hakusema kitu.
Ndoo ndiyo iliyosema, mara mbili.

Sasa mimi hupita humo kila Jumanne, kwa kazi.
Jirani yangu wa kiti hutafuna viazi, mwingine husinzia,
masikio yanaziba, dirisha linanirudishia uso wangu.
Nimepiga hesabu, maana ni ugonjwa wa kurithi:
kwa mwendo huu sentimita nne hupita
kabla kope haijakumbuka kushuka.
Sijui ni zipi. Hakuna aliyezitia alama.
Kwa hiyo tukiingia ndani hukaza macho, sifumbi,
mpaka yanatoka machozi,
na mtu wa viazi ananipa leso yake ya karatasi,
akidhani nimefiwa.